Kalamu Baada ya Zamu: Kutafuta Kazi ya Uandishi London

Tangu makala zangu zianze kutoka, wauguzi wenzangu na wanafunzi kutoka nyumbani huniuliza swali moja: "Dada, na mimi naweza kulipwa kwa kuandika?" Unaweza, lakini anza na viza kabla ya kalamu.

Viza ya mwanafunzi hapa Uingereza hairuhusu kujiajiri, na mwandishi wa kujitegemea amejiajiri hata akiuza makala moja tu. Zile saa 20 kwa wiki wanazopewa wengi wa shahada ni za kuajiriwa. Ukihitimu ukapata viza ya wahitimu, mlango unafunguka. Aliyedhaminiwa na mwajiri naye asome masharti yake au amuulize mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Mimi nilisubiri hadi nikapata ukaazi wa kudumu. Pauni mia moja za makala hazilingani na tiketi ya kurudishwa.

Ukishakuwa huru, uza unachokijua. Muuguzi anajua usingizi wa mchana baada ya zamu ya usiku, na anajua maswali ya mgonjwa wa kisukari anayetaka kufunga Ramadhani. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, naye aliwahi kuwa mhudumu wa hospitali huko Canterbury. Kazi zetu hizi hazimzuii mtu kuandika.

Mhariri haombwi kazi, anauziwa wazo. Soma gazeti lake kwanza, tafuta jina lake, kisha mwandikie barua pepe fupi yenye mambo manne: habari ni ipi, kwa nini sasa, kwa nini wewe, na maneno mangapi. Usimtumie wasifu wa kurasa tatu. Akikaa kimya wiki mbili, mkumbushe mara moja, kisha peleka wazo kwingine.

Tahadhari kwa sisi wa wodini: kanuni za NMC zinatubana kutunza siri ya mgonjwa. Kubadilisha jina hakutoshi, kwa kuwa umri, kijiji na ugonjwa vinaweza kumtambulisha mtu kwa jamaa zake. Andika juu ya ugonjwa, mwache mgonjwa alale.

Sasa malipo. Kabla ya kukubali kazi, uliza kwa maandishi kiasi gani na lini. Chama cha waandishi wa habari, NUJ, kina tawi la London la waandishi wa kujitegemea linalokusanya viwango halisi vilivyolipwa. Vitazame usije ukajiuza bei ya karanga. Jarida moja lilinikalisha miezi mitatu. Niliwatumia ankara upya nikitaja sheria ya 1998: pasipo makubaliano mengine, deni huwa limechelewa baada ya siku 30, na unaweza kudai riba ya asilimia 8 juu ya ile ya Benki Kuu ya Uingereza. Walilipa wiki hiyohiyo.

Mapato ya kujiajiri yasiyozidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, unaoanza 6 Aprili, kwa kawaida hayahitaji kutangazwa. Ukivuka hapo, jisajili HMRC kabla ya 5 Oktoba inayofuata.

Wiki hii chagua gazeti moja, soma matoleo matatu, uandike barua moja. Haba na haba hujaza kibaba.