Mawimbi ya Nywele: Msuko wa Usiku au Pasi ya Moto?

Msimu wa harusi unapowadia, saluni za mitaa yetu hujaa tangu asubuhi. Mabinti hungojea zamu ya pasi ya moto iwatie mawimbi katika nywele, ili usiku wa kupamba, wanawake wakiwa peke yao na mabuibui yamevuliwa, kila mmoja apendeze. Hilo si la kulaumiwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba mwenye nywele na azitunze kwa heshima. Tunalotaka kulizungumza wiki hii ni njia inayotumika, kwani mawimbi hayo hayo yaweza kupatikana kwa msuko wa usiku mmoja, bila umeme wala gharama. Tofauti ya njia hizo mbili huonekana baada ya harusi, pale kitana kinapoanza kutoka na vipande vya nywele vilivyokatika.

Kwa nini unywele hushika wimbi

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi zake zimeshikamana kwa vifungo vya namna mbalimbali. Vile vilivyo dhaifu huachana unywele unaporowa maji au unapopashwa moto, kisha hushikana upya unapokauka au kupoa. Umbo ulilo nalo unywele wakati wa kushikana ndilo utakalobaki nalo. Msuko hutumia maji na saa nyingi; pasi hutumia moto na sekunde chache.

Lakini moto ukizidi hauishii kwenye vifungo hivyo dhaifu, bali huiharibu keratini yenyewe. Unywele ulioungua haurudi ulivyokuwa, wala hakuna mafuta ya kuufufua. Hubakia kungoja uote mwingine, nao hurefuka kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwezi.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa pwani. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na unyevu huo huvifungua vile vifungo dhaifu. Kwa hiyo mawimbi yoyote, ya msuko au ya pasi, hayadumu sana kwetu. Binti aliyetiwa moto Ijumaa hurudi kutiwa tena Jumamosi, na Jumapili pia. Ikiwa mawimbi yatafumuka kwa vyovyote vile, ni busara kuchagua njia inayoweza kurudiwa kila usiku bila hasara.

Mawimbi bila moto

Osha nywele, kisha zikamue taratibu kwa taulo bila kuzisugua. Ziache zikauke mpaka zibaki na unyevu kidogo tu. Zikiwa chepechepe hazitakauka hadi asubuhi, na mawimbi hayatashika. Paka tone la mafuta ya nazi kwenye ncha, ugawe nywele mafungu, na usuke kila fungu kwa sehemu tatu, kama unavyosukwa ukili wa watu wachache tu waliobaki na subira ya mkeka mzuri.

Idadi ya misuko ndiyo inayoamua sura ya mawimbi. Miwili au mitatu minene huleta mawimbi mapana. Kumi hadi ishirini, myembamba, huleta ile mikunjo midogo iliyobanana inayofanana na ya pasi. Suka hadi mwisho kabisa na uzikunje ncha kabla ya kufunga kwa utepe wa kitambaa, la sivyo zitabaki zimenyooka. Usikaze sana kwenye paji la uso na juu ya masikio: msuko unaovuta ngozi mara kwa mara huzing'oa nywele za mbele, na baadhi hazioti tena.

Lala na mtandio wa hariri au satini. Asubuhi hakikisha nywele zimekauka kabisa, kisha fumua kuanzia chini kwenda juu, kwa vidole vilivyopakwa mafuta kidogo. Kitana kiweke kando, kwani kitayatawanya mawimbi yote.

Wenye nywele za kipilipili watafaulu zaidi kwa kusokota: chana kwa shanuo nywele zikiwa na unyevu na mafuta, gawa kila fungu mara mbili, uzisokote pamoja hadi nchani. Mawimbi haya hudumu siku kadhaa kuliko yale ya nywele za singa.

Ukilazimika kutumia moto

Kwanza, nywele ziwe kavu kabisa. Maji huchemka kwa digrii 100, na pasi ina joto zaidi ya hapo. Unyevu uliomo ndani ya unywele hugeuka mvuke na kuupasua. Ukisikia mchomo wa kuchezacheza au ukiona mvuke, acha mara moja. Pili, usiipandishe pasi hadi mwisho. Nywele nyembamba au zilizotiwa rangi zatosheka na chini ya digrii 150, na zilizo nzito zisipite 180. Tatu, tangulia na dawa ya kukinga joto, kisha bana kila sehemu sekunde chache, mara moja tu. Nne, ziache zipoe kabla ya kuzigusa. Nywele zilizolainishwa kwa dawa tayari zimedhoofika, na ni heri zisionjeshwe moto kabisa.

Pasi iwekwe mbali na watoto hata baada ya kuzimwa, kwani hukaa na moto kwa muda. Mtoto akiungua, mwagia jeraha maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na unga havifai. Likiwa na malengelenge au likiwa usoni, mpeleke hospitali.

Nywele na tohara

Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu, maji ya josho la faradhi hayana budi kufika katika nywele zote, nje na ndani. Msuko unaopitisha maji hauhitaji kufumuliwa, unaoyazuia hufumuliwa. Vivyo hivyo, jeli inayoganda na kuweka utando huondolewa kwanza. Wako wanaochelewesha josho, na swala ikawapita, kwa kuhofia kuharibu nywele zilizogharimiwa saluni. Mawimbi ya msuko hayana gharama ya kuhofiwa: nywele zikirowa, husukwa tena usiku ule ule.

Vilevile, tusifunge mtandio juu ya nywele mbichi kutwa nzima. Joto na unyevu hukaribisha mba na harufu mbaya.

Wahenga walituachia neno: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nywele zinazong'aa usiku mmoja na kukatika mwezi mzima ni za namna hiyo. Mwenye harusi karibuni na ajaribu msuko wiki moja kabla, ajue ni misuko mingapi inayozifaa nywele zake. Na kina mama walio na mabinti wawasuke wenyewe baada ya swala ya Isha, kwani mkono wa mama huujua utosi wa mwanawe kuliko pasi yoyote.