Selimundu: Maumivu ya siri yasiyosubiri asubuhi

Chukua mfano wa kijana wa miaka 17 anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Alizaliwa Kivu, mashariki mwa Kongo, akiwa na ugonjwa wa selimundu. Saa nane usiku anaamka kwa maumivu makali. Uume umesimama, umekuwa mgumu, na wala si kwa hamu ya mapenzi. Chumba ni kimoja. Mama na wadogo zake wamelala upande wa pili wa pazia. Anaona haya kumwamsha mtu, anajifunika shuka na kungoja kukuche.

Akingoja hadi saa mbili asubuhi, saa sita zitakuwa zimepita. Kwa tatizo hili, madaktari huhesabu saa nne tu.

Hali hiyo kitaalamu huitwa priapizimu, yaani uume kusimama kwa muda mrefu bila kushuka na bila sababu ya kimapenzi. Tafiti mbalimbali zinakadiria kwamba takriban mwanamume mmoja kati ya watatu wenye selimundu huipata wakati fulani maishani, na wengi huanza kabla ya kufikisha miaka 20. Hata hivyo, ni nadra kusikia ikitajwa, nyumbani au mbele ya mganga.

Damu inayokwama

Ndani ya uume kuna mirija miwili inayofanana na sifongo. Damu ikiingia, uume husimama; ikitoka, hulala. Kwa mgonjwa wa selimundu, chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, hushikana na kuziba njia ya kutokea. Damu iliyokwama huishiwa oksijeni, nayo misuli ya ndani huanza kuharibika baada ya saa nne hadi sita. Zikipita saa 24 hadi 36 bila tiba, misuli hiyo hugeuka kovu gumu, na wengi hupoteza kabisa uwezo wa kusimamisha uume.

Selimundu si sababu pekee. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, dawa za kuongeza nguvu za kiume, ulevi na saratani ya damu pia huweza kuleta hali hii. Ipo aina nyingine inayofuata pigo au kuanguka, ambapo mshipa hupasuka na damu huingia kwa wingi. Hiyo kwa kawaida haiumi sana na si ya dharura kama ile ya kwanza, lakini nayo inataka daktari.

Ugonjwa uliovuka mpaka

Utafiti wa kitaifa wa Uganda, uliopima damu za watoto wachanga karibu 100,000 kati ya 2014 na 2015, ulionyesha kuwa asilimia 13.3 walibeba kinasaba cha selimundu na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Kusini magharibi, zilipo Mbarara na Isingiro, ni miongoni mwa maeneo yaliyokuwa na viwango vya chini. Kongo hali ni tofauti: inakadiriwa kwamba kati ya mtoto mmoja na wawili katika kila 100 huzaliwa na ugonjwa huo.

Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea waliokimbia Rwanda. Leo ina watu zaidi ya 150,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Wanapovuka mpaka, hawaachi nyuma yaliyomo katika damu yao. Mhudumu wa afya aliyekulia Ankole huenda hajazoea ugonjwa ambao kwa familia ya Kivu ni jambo la kila siku. Hata majina yanatofautiana: Watanzania husema selimundu, Waganda wengi husema sikoseli, na Wakongo husema SS.

Safari ya kwenda Mbarara

Shambulio likianza, mgonjwa ajaribu kukojoa, anywe maji ya kutosha, atembee taratibu, aoge maji ya uvuguvugu na ameze dawa ya maumivu aliyozoea. Asiweke barafu: baridi huzidisha kupinda kwa chembe za damu. Saa mbili zikipita bila nafuu, aondoke nyumbani. Kutoka Nakivale hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbarara ni kilomita 60 hivi, na kabla ya hapo huanziwa kituo cha afya ili kupata rufaa. Ukijumlisha kutafuta bodaboda usiku na kungoja gari la wagonjwa, saa nne ni chache mno.

Tiba yenyewe si ngumu ikiwahiwa. Daktari hutia ganzi, huingiza sindano ubavuni mwa uume, huvuta damu nyeusi iliyokwama na kusafisha kwa maji ya chumvi. Kisha huchoma kidogo kidogo dawa iitwayo fenilefrini, inayobana mishipa, huku akipima shinikizo la damu. Ikishindikana, hufanyika upasuaji wa kufungua njia mpya ya damu. Mgonjwa wa selimundu hupewa pia maji na dawa za maumivu, lakini hayo hayachukui nafasi ya sindano.

Mashambulizi mafupi yanayojirudia na kwisha yenyewe yasidharauliwe. Mara nyingi hutangulia lile kubwa, na ni sababu ya kuzungumza na daktari mapema kuhusu kinga.

Uume nao hupasuka

Dharura nyingine inayofichwa ni jeraha la uume uliosimama. Uume hauna mfupa, lakini ukipindwa kwa nguvu, hasa wakati wa tendo la ndoa, utando mgumu wa ndani unaweza kupasuka. Mtu husikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika, uume hulala ghafla, huvimba na kuwa na rangi ya zambarau. Damu ikitoka kwenye tundu la mkojo, huenda njia ya mkojo nayo imeumia.

Hapa tiba ni kushonwa, na ni vyema iwe ndani ya saa 24. Anayeshonwa mapema kwa kawaida hupona vizuri. Anayekandwa nyumbani na kungoja anaweza kubaki na uume uliopinda, maumivu, au kupungukiwa nguvu.

Neno lililo wazi

Katika foleni ya kituo cha afya, mtu anayesema tu "naumwa sehemu za siri" anaweza kudhaniwa ana ugonjwa wa zinaa, akaambiwa asubiri zamu yake. Nakivale, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wasio na lugha moja ya nyumbani, nacho kina maneno ya kutosha ya heshima: "Nina selimundu. Uume umesimama tangu saa nane usiku, haushuki na unauma." Sentensi hizo zinaweza kumwondoa mgonjwa kwenye foleni na kumpeleka mbele ya daktari.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mama au baba mwenye mtoto wa kiume mwenye selimundu amweleze mapema, kabla hajabalehe, kwamba hali hii ni sehemu ya ugonjwa wake na si utovu wa adabu. Familia iwe na namba ya simu ya mwenye bodaboda na ya mhudumu wa afya wa kijiji. Mtoto akijua hayo, saa nane usiku atasogeza pazia na kumwamsha mama.