Matabaka ya Mawasiliano ya Tarakilishi: Mfano wa Neno Ng’ombe

Mwaka 1984 Shirika la Kimataifa la Usanifishaji lilitoa kielelezo kinachoyagawa mawasiliano ya tarakilishi katika matabaka saba. Mfasiri wa Kiswahili anayekikabili ana maneno kadha ya kuchagua: ngazi, daraja, kiwango, tabaka. Matatu ya kwanza hudokeza cheo, kana kwamba kilicho chini ni duni kwa kilicho juu. Tabaka nalo limelemewa na maana ya kijamii. Hata hivyo maana yake kongwe, ile isikikayo katika “mbingu tabaka saba”, ni ya vitu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na ndiyo itakiwayo hapa.

Kanuni ya kielelezo ni kwamba kila tabaka hulitumikia lile lililo juu yake, wala halichungulii ndani ya mzigo linaoubeba. Na ichukuliwe kuwa mhadhiri wa Nairobi anamwandikia mwenzake wa Zanzibar barua yenye neno ng’ombe. Programu ya barua imo katika tabaka la matumizi. Chini yake, itifaki iitwayo TCP huukata ujumbe vipande, huvipa nambari, na hukituma tena kila kipande ambacho upande wa pili haujakiri kukipokea. Itifaki ya IP hubandika anwani na kuvisafirisha, pengine kwa njia mbalimbali, bila ya kuahidi kwamba vitafika. Tabaka la chini kabisa hujua mipigo ya umeme au ya nuru tu. Nyaya za baharini zilizofikishwa Mombasa mwaka 2009 hazitofautishi ng’ombe na utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu.

Barua inafika, na mwenzake anasoma: ngâ€™ombe. Aghalabu mtandao ndio hulaumiwa, ilhali mtandao haukupoteza chochote. Kosa limo katika kazi ya tabaka la sita, la uwasilishaji, ambako hukubaliwa ni nambari gani zisimamie herufi gani. Katika mfumo wa UTF-8, ritifaa iliyonyooka huchukua baiti 1 na iliyopinda huchukua baiti 3. Hivyo neno hilo lina baiti 7 au 9. Programu ya mpokeaji imezisoma zile 3 kama alama tatu za mfumo mwingine. Itifaki za TCP na IP, zilizoanza kutumika rasmi katika mtandao wa ARPANET tarehe 1 Januari 1983, hazikutenga tabaka la namna hii. Kazi yake imeachiwa programu zenyewe, nazo si lazima zipatane.

Hapa mwanaisimu ajihadhari na ulinganisho wa haraka. Viwango vya lugha havikuzibwa hivyo. Asikiaye “barabara” husaidiwa na mkazo kujua maana, na mkazo usiposikika vyema husaidiwa na sentensi nzima. Maana hushuka kuitengeneza sauti. Tabaka la mtandao halina ruhusa hiyo.

Kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kenya zitumiazo ng’, jambo hili si dogo. Jina Ng’ang’a likiandikwa katika orodha moja kwa ritifaa iliyonyooka, na katika nyingine kwa iliyopinda, tarakilishi isiyoelekezwa kuzilinganisha alama hizo itajibu kwamba mtu huyo hayumo, hata kama kila tabaka la chini limetimiza wajibu wake.