Chakula cha Paka na Tamaa ya Mbwa

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, paka ni mwenyeji. Hulala barazani, hupita jikoni bila ya kubisha hodi, na hapana amfukuzaye. Mbwa naye ana mahali pake: hulinda ua usiku, au hulinda shamba dhidi ya nyani na wezi. Wawili hawa wakiwa na mwenyewe mmoja, huzuka jambo lionekanalo dogo: mbwa hukimaliza chake kwa pumzi moja, kisha hukikimbilia kisahani cha paka.

Ndugu msomaji, huenda ukasema, "Ni dagaa wachache tu, aachwe ale." Ziko sababu tatu za kutomwacha.

Ya kwanza ni paka mwenyewe. Paka kwa umbile lake ni mla nyama. Huhitaji kiini kiitwacho taurini, kipatikanacho katika nyama na samaki. Akikikosa kwa muda mrefu, macho yake huweza kupofuka na moyo wake kudhoofika. Tena hali kama mbwa: hula kidogo, akaenda zake, akarudi baadaye. Desturi hiyo ndiyo impayo mbwa nafasi ya kupora. Paka anyang'anywaye kila siku hukonda, akaanza kudokoa jikoni, nasi tukamwita mwizi.

Ya pili ni mbwa. Chakula cha paka, hasa kile kiuzwacho madukani, kina protini na mafuta mengi kuliko cha mbwa. Akikizoea hunenepa, na pengine hutapika na kuharisha. Mafuta yakizidi huweza kumletea uvimbe wa kongosho, maradhi yenye maumivu makali.

Ya tatu ni tohara. Wengi wetu hapa twafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Imepokewa kwamba Abu Qatada (R.A.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa paka si najisi. Ama chombo alichokiramba mbwa, huoshwa mara saba, moja yao kwa udongo. Basi kisahani cha paka kikirambwa na mbwa, kisha kikatiwa katika karai moja na vyombo vyetu, mama wa nyumba huongezewa kazi ambayo ingeepukika.

Haya yote si ruhusa ya kumpiga mbwa. Tumefundishwa kuwa mtu alisamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na mwanamke akaadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya chakula. Wote wawili ni dhima yetu.

Tufanyeje, basi? Kwanza, tutumie urefu. Paka hupanda, mbwa hafiki. Kisahani kiwekwe dirishani, juu ya rafu au juu ya ukuta wa ua. Ikiwa paka ni mzee au ana mimba, alishwe chumbani, na mlango ufungwe kwa kamba ubakie upenyo wa kumtosha yeye peke yake.

Pili, tuweke wakati. Wapewe chakula kwa saa moja, asubuhi na jioni, kila mmoja upande wake. Baada ya nusu saa kisahani kiondolewe, kwani kwa joto letu samaki huharibika upesi na kuvuta nzi na sisimizi. Watoto wa paka walishwe mara nyingi zaidi.

Tatu, mbwa naye ashibe. Mwenye njaa hafundishiki. Ikiwa hula kwa pupa, tia ndani ya bakuli lake jiwe safi, kubwa kuliko kinywa chake. Atalazimika kula akilizunguka, na mwenzake atapata nafasi.

Nne, afundishwe neno moja, kama "Acha!", na watu wote wa nyumba walitumie hilo hilo. Akitii, apewe kipande chake papo hapo. Baba akikataza na watoto wakamrushia mabaki kwa siri, mafunzo huharibika. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Mwisho ni jambo lisilofaa kupuuzwa. Wanyama wagombeapo chakula huumana, na mtoto aingiapo kuwaamua huumwa yeye. Watoto wakatazwe kuingilia kati. Mbwa na paka wote wawili wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, kwani paka pia huambukizwa na kuambukiza. Mtu akiumwa au akikwaruzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo. Maradhi hayo dalili zake zikisha kudhihiri, ni nadra mno mtu kupona. Ilhali chanjo ikipatikana mapema, huokoa maisha.