Robo Kilo, Sahani Tano

Mwaka 1971 kampuni ya General Mills ya Marekani ilianza kuuza nchi nzima boksi liitwalo Hamburger Helper. Bei ya nyama ilikuwa imepanda, na familia nyingi zilikuwa zikitafuta namna ya kuifanya ratili moja itoshe nyumba nzima. Ndani ya boksi hamna nyama hata chembe. Kuna makaroni makavu na pakiti ya unga wenye chumvi, wanga wa mahindi na viungo. Mpishi anakaanga nyama yake ya kusaga, anatia maji, anamimina vilivyomo, anafunika, na watu watano wanakula. Waliolelewa na chakula hicho hawajaacha kubishana. Wengine wanakikumbuka kwa hamu, wengine kinawarudisha kwenye siku za ukata. Ubishi wao ni wa ladha zaidi. Ukiutazama kwa jicho la lishe ukiwa hapa Nzuguni, Dodoma, swali lenye manufaa ni jingine: ni kitu gani hasa kilichofanya kazi katika kikaango kile, na je, tunaweza kukipata bila boksi?

Kilichofanya kazi ni ile nyama kusagwa. Ng'ombe wengi wanaochinjwa Dodoma ni zebu wa asili, waliotembea mbali kufuata malisho na maji, na nyuzi za nyama yao zimeshikwa na kolajeni ngumu inayohitaji kuchemka muda mrefu ndipo ilainike. Mashine ya buchani hailainishi kolajeni hiyo, ila inaikata vipande vifupi kiasi kwamba meno hayahangaiki nayo. Nyama ambayo ingekaa jikoni saa nzima na ziada inaiva kwa dakika ishirini hivi. Kwa mtumishi anayerudi jioni kutoka Mji wa Serikali wa Mtumba, au mama anayefunga meza yake Soko la Job Ndugai giza likiingia, hiyo ni tofauti ya gesi, ya mkaa na ya saa ambayo watoto wanakwenda kulala.

Hata hivyo, muda si hoja kubwa kuliko zote. Kubwa ni mgawo. Nyama ya mchuzi hupakuliwa kwa finyango, na finyango huhesabika: baba zake, mgeni zake, kijana wa kiume zake, na mtoto wa miaka miwili anamwagiwa mchuzi juu ya ugali. Mchuzi una chumvi, mafuta na harufu nzuri. Protini na madini ya chuma vimebaki kwenye finyango. Nyama iliyosagwa na kuchanganywa na chakula haichaguliki hivyo, kila kijiko kinabeba sehemu yake. Tena nyama hata kidogo ikiliwa pamoja na nafaka na kunde husaidia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye hizo nafaka, chuma ambacho peke yake hupita tumboni bila kufaidi sana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na zaidi ya nusu wana upungufu wa damu. Malaria, minyoo na mengine yamo katika sababu. Lakini sahani imo pia, na sahani ndiyo iliyo mikononi mwa mpishi.

Kwa atakayesema kwamba huku ni kuipunguza nyama hadi isiwe na maana, tupige hesabu. Robo kilo ya steki isiyo na mafuta mengi ikigawiwa watu watano, kila mmoja anapata gramu 50 mbichi, zenye kama gramu 10 za protini. Mtoto wa miaka miwili huhitaji takriban gramu 13 kwa siku nzima. Ukiongeza choroko, kunde au karanga za kusaga, pengo linazibika. Wagogo hawakungoja kiwanda kuwafundisha kukuza mboga kwa karanga. Mlenda wao unatosha kuwa ushahidi. Mpango wa karanga wa Kongwa ulioanza mwaka 1947 ili kuwapatia Waingereza mafuta ulikuwa umeshindwa kufikia 1951, ilhali karanga ya chungu iliendelea na kazi yake. Wala tambi si lazima. Ngano nyingi tunayokula inatoka nje ya nchi, na nyama ya kusaga inakaa vizuri tu juu ya ugali wa uwele.

Pingamizi zito ni la usafi, na hapa wenye wasiwasi wana haki. Vijidudu vya nyama hukaa zaidi juu ya kipande, na moto huviua upesi. Ukisaga, umevipeleka ndani. Mwaka 1993 huko Marekani nyama ya kusaga isiyoiva vizuri katika migahawa ya Jack in the Box iliwafanya watu zaidi ya 700 waugue, na watoto wanne walikufa. Kwa hiyo usinunue iliyokwisha kusagwa. Chagua kipande, kioshwe kinu cha mashine, isagwe ukiona, ipikwe siku hiyohiyo. Isambaratishe kwenye sufuria hadi maji yake yakauke kabisa na ianze kukaangika. Kuiona nyama ikisagwa mbele yako kunajibu pia shaka ya kwamba bucha huchanganya mabaki.

Kuhusu pakiti ya unga, hukumu yangu ni kali zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Soma pakiti za unga wa mchuzi dukani: viungo hutajwa kwa kufuata uzito, na mara nyingi chumvi na wanga wa mahindi vimekaa mwanzoni kabisa. Mpishi anatia unga huo, kisha anatia chumvi yake ya kawaida. Utaambiwa bila unga huo chakula hakina ladha. Ladha ya nyama inatokana na kukaangwa hadi iwe kahawia, ikafuatiwa na kitunguu, nyanya na bizari. Unga unafunika pale ambapo hatua hiyo imerukwa.

Wajasiriamali wanaoleta vyakula vya pakiti kwenye maonyesho ya Nanenane hapa Nzuguni wana nafasi ya kufanya vizuri zaidi ya General Mills. Tieni choroko zilizopasuliwa, unga wa karanga, mboga za majani zilizokaushwa na bizari. Chumvi yenye madini joto iacheni nje, mwenye chungu ataipima mwenyewe.