Mteja Akiuliza "Tyuna Bei Gani?" Muulize Kwanza Besi Yake Ina Nyuzi Ngapi

Leo naongea na wanaouza vifaa vya muziki mtandaoni kama mimi, hasa vya wapiga besi.

Jumamosi moja asubuhi niliamshwa na ujumbe wa sauti. "Mdogo wangu, jana umeniangusha." Ni kaka mmoja anayepiga besi kwenye bendi za harusi hapa Dar. Siku tatu kabla aliniuliza tyuna bei gani, nikamjibu elfu ishirini, akalipa kwa simu, nikampa bodaboda ampelekee. Hata dakika tano hazikufika, nikajiona nimefanya biashara safi.

Sasa ukumbini ikawa hivi. Besi yake ni ya nyuzi tano. Tyuna niliyomuuzia ni ile ndogo ya kubana kwenye kichwa cha gitaa. Katikati ya shughuli uzi ukalegea, akajaribu kuuweka sawa huku dramu zinapigwa nyuma yake, mshale wa tyuna unarukaruka tu. Akakisia kwa sikio, akakosea. Kinanda kinaenda huku, besi inaenda kule, na watu wako katikati wanacheza. Wiki iliyofuata kiongozi wa bendi akaita mpiga besi mwingine.

Nilimrudishia elfu ishirini yake, lakini kazi aliyoikosa ningemrudishia na nini? Nikamwomba niende mazoezini kwao nione kwa macho. Mimi shule ya muziki sijasoma, nimeishia kidato cha nne, haya mengi nimeyajua kwa kukaa pale na kujaribu mzigo wangu mwenyewe.

Tyuna ya kubana haisikii sauti ya hewani, inahisi mtikisiko wa mbao. Ndiyo maana kelele za watu haziisumbui sana. Ila spika kubwa zikitikisa jukwaa, besi nayo inatikisika, tyuna inachanganyikiwa. Halafu kuna suala la uzito wa mlio. Uzi mnene wa gitaa la kawaida, ile E, unatikisika kama mara 82 kwa sekunde. E ya besi ni nusu yake, mara 41. Uzi wa tano wa besi, B, unashuka mpaka 31 hivi. Tyuna nyingi za bei ya chini huko zinahangaika.

Kuna ujanja ambao siku hizi namtumia kila mteja wa tyuna ya kubana. Aguse uzi juu kabisa ya chuma cha freti ya 12, bila kuukandamiza, apige, kisha atoe kidole. Mlio unapanda mara mbili na tyuna inausoma bila shida. Kama ningemwambia yule kaka hili tu, labda usiku wake ungeokoka.

Programu ya simu inatumia maiki, kwa hiyo ukumbini inasikia kila mtu. Chumbani iko poa, na ni ya bure, usimdanganye mteja.

Kwa mtu wa jukwaani, pendekeza tyuna ya pedali. Waya wa besi unaingia moja kwa moja, kwa hiyo haisikii kitu kingine. Ile Boss TU-3, kwa mfano, ukiikanyaga inakata sauti, mtu anatyuni kimya huku mshenga anaongea. Bei yake ni kubwa mara kadhaa, mwambie mapema na umwambie kwa nini.

Hapo kwenye pedali kuna mtego wa umeme. Nyingi zinataka volti 9 na hasi iwe katikati ya kichomekeo. Mteja atakwambia "adapta ninayo, ya kinanda." Mwambie akupigie picha ya maandishi yake. Adapta za vinanda vingi vya Yamaha ni volti 12 na chanya iko katikati. Akichomeka hiyo, pedali inaweza kufa, na atakayelaumiwa ni wewe.

Waya nao umewatesa wengi, kwa sababu kwenye picha zote zinafanana, jeki ni ile ile. Waya wa gitaa una wavu wa chuma ndani unaozuia mlio wa umeme. Waya wa spika hauna, ukiutumia kwenye besi utasikia mngurumo. Kinyume chake ni kibaya zaidi, waya wa gitaa ukiunganisha amplifaya na spika unaweza kupata moto na kuharibu mashine. Mimi nabandika karatasi kwenye kila waya kabla ya kuupiga picha.

Na zile tyuna zinazorudishwa eti "mbovu", kagua vitufe kwanza. Kipimo cha kawaida ni 440. Mtu akibonyeza kwa bahati mbaya ikaenda 436, kila uzi utakuwa chini kidogo na atakuapia tyuna inadanganya. Nyingine utakuta iko kwenye U, yaani ukulele, wakati yeye anatakiwa awe B ya besi au C inayosoma noti zote. Nisipokuta shida hapo, nabadilisha betri. Nyingi zinatumia ile bapa ya CR2032.

Betri pia muulize ya besi yenyewe. Besi nyingi zenye saketi ya umeme ndani zinakula betri muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata kama hapigi. Achomoe akimaliza. Na umuuzie ya akiba.

Yule kaka alirudi baada ya miezi miwili. Alichukua pedali na betri mbili za volti 9, moja ya pedali, moja ya besi. Bendi ile hawakumrudisha, sasa anapiga kanisani Jumapili na hotelini Ijumaa. Bado ananiita mdogo wangu, ila siku hizi kabla hajalipa anauliza maswali mengi, na mimi najibu yote.