Kindu: Programu iliyoandikwa kwa msaada wa akili bandia ni mali ya nani?

Kijana wa Kindu aliyesoma informatika leo anaweza kumaliza kwa siku chache programu ambayo zamani ingemchukua miezi. Anaeleza akili bandia kazi anayoitaka, nayo inamwandikia kode, yaani zile amri ambazo ordinatere inazifuata. Yeye anasoma, anasahihisha, anaunganisha, kisha anamuuzia mteja. Lakini siku ugomvi ukitokea, programu hiyo itahesabiwa kuwa ya nani?

Mfano ni huu. Mwenye duka la dawa katika komini ya Kasuku anaagiza programu ya kuhesabu dawa na madeni. Baadaye anasikia kwamba duka lingine, ngambo ya mto Lualaba, kule Alunguli, linatumia programu ile ile. Yeye atasema ni yake kwa sababu alilipa. Kijana atasema ni yake kwa sababu aliitengeneza. Na yule aliyeinakili atajibu kwamba iliandikwa na mashine, kwa hiyo haina mwenyewe.

Nchini Kongo, haki za mwandishi zinaongozwa na amri-sheria n° 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986. Ni sheria ya wakati wa Zaïre, na haisemi neno lolote juu ya akili bandia. Kongo ni pia mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1997. Mkataba wa shirika hilo unasema programu za ordinatere zilindwe kama vitabu, hata kama nchi maskini zaidi zimepewa muda hadi 2034 ili kuutimiza. Mkataba wa Berne, ambao Kongo imo ndani yake, unaongeza jambo moja kubwa: haki ya mwandishi haitegemei kuandikishwa kwenye ofisi yoyote.

Basi programu iliyoandikwa na mtu ina mwenyewe. Shida inaanza pale ambapo mtu ameiachia mashine kuandika.

Nchi zingine hazijibu namna moja. Marekani, tarehe 18 mwezi wa tatu 2025, tribinali ya rufaa ya Washington iliamua kwamba mwandishi anapaswa kuwa binadamu. Ilikuwa kesi ya Stephen Thaler, aliyetaka haki juu ya picha iliyotengenezwa na mashine yake. Karibu miezi miwili mbele ya hukumu hiyo, ofisi ya haki za waandishi ya nchi hiyo ilieleza kwamba kuipa mashine maagizo tu hakutoshi. Sehemu ambayo mtu aliiandika mwenyewe, au aliichagua na kuipanga, ndiyo inaweza kulindwa.

Kenya ina njia nyingine. Sheria yake inasema kwamba kazi ikitengenezwa na ordinatere, mwandishi ni mtu aliyefanya matayarisho yaliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane. Uingereza iliweka kanuni kama hiyo mwaka 1988. Kwa hiyo kode moja inaweza kuwa na mwenyewe Nairobi, na kukosa mwenyewe Washington.

Wengi wanajitetea kwa masharti ya kampuni. Kweli, OpenAI, yenye ChatGPT, inasema inamwachia mtumiaji haki zake zote juu ya kile mashine inachomtolea. Lakini hakuna anayeweza kukupa kitu asichokuwa nacho: kama sheria haioni haki yoyote pale, kampuni haina cha kukuachia.

Kuna pia hatari ya kukuta kode ya mtu mwingine ndani. Mashine hizi zilijifunza kutokana na kode zilizoandikwa na watu, na nyingine zilitolewa bure lakini kwa masharti. Mwezi wa kumi na moja 2022, waandishi wa programu walishitaki GitHub, Microsoft na OpenAI huko California juu ya jambo hilo.

Kwa kijana anayetafuta mkate wake kwa kazi hii, mkataba ulioandikwa mbele ya kuanza ndio kinga ya kwanza. Useme wazi kama mteja ananunua programu yenyewe au ruhusa ya kuitumia tu, kama inaweza kuuzwa kwa mwingine, na kama akili bandia ilitumiwa. Kinga ya pili ni kutunza ushahidi: rasimu, tarehe, masahihisho, ujumbe na mteja. Kode ya numeriki ya Kongo, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inatambua maandishi ya kielektroniki.

Kinga ya tatu iko mikononi mwake. Mashine haijui namna dawa zinavyokopeshwa Kindu, wala namna bei inavyotoka dola kuingia faranga kila siku. Yeye anajua. Ila sheria hailindi wazo likiwa kichwani, inalinda kilichoandikwa. Sehemu hizo ndizo zinafaa kuandikwa kwa mkono wake mwenyewe.